Na Yeye Mwenyewe Anasemaje?

Kwenye benchi la ataya, chai kali ya kijani, pale Kissy, Freetown, mkabala na gereji, chai huchemshwa mara tatu kwa majani yaleyale, na maneno vilevile. Anayeshika birika siku hizi ni Sorie. Zamani lilikuwa la mdogo wake, Santigie, hadi polisi walipomnyanyua hapohapo benchini kwa jenereta iliyoibwa duka la dawa. Miaka minne sasa yuko mahabusu, huko bara kusikofikika, na huletwa Freetown siku ya kesi tu, kwa lori. Kesho ni mara ya ishirini na nne.

— Wataahirisha tena, alisema Jaji, aliyepata jina hilo kwa kufagia mahakamani mwezi mmoja, na hajashuka cheo tangu hapo. Faili limeliwa na panya.

— Panya gani anayechagua faili la Santigie peke yake? akadakia mwenzake, Redio. Mimi Jumapili nilifungiwa njugu kwenye karatasi yenye muhuri! Nikasoma, “mshtakiwa alionekana…” Kwingine mafuta tupu.

— Na hukuileta?

— Njugu zilikuwa moto, kaka.

Sorie akabamiza birika.

— Ndugu yangu anaozea kule, nyie mnaleta njugu!

— Punguza jazba, bwana, Jaji akamtuliza. Kesho sote ni mashahidi. Nitasema usiku ule wa wizi alikuwa hapa, ananimiminia chai.

— Mimi nitasema alikuwa kwao, hoi kwa homa, akasema Redio.

— Hapa au kwao? Chagueni! Sorie akang'aka.

— Basi aliugulia hapa, Redio akasema.

Pembeni alikaa Nyandebo, fundi bomba kutoka mji wa Bo, aliyejibanza kusubiri mvua ikatike. Akaweka glasi chini.

— Samahanini, wakubwa. Na yeye mwenyewe anasemaje?

— Nani?

— Huyo aliyeshtakiwa.

Redio akamnyooshea Sorie glasi yake tupu, aongezewe chai.

Sorie alitaka kumfokea mgeni, akaishia kulishika birika bila kumimina. Mara ishirini na tatu ameketi mahakamani na kanzu ya Ijumaa, akitazama kisogo cha mdogo wake kinavyokonda. Karani huita jina, askari hujibu “yupo”, hakimu hutaja tarehe, lori huondoka. Hakuna aliyewahi kumuuliza Santigie kitu. Na yeye Sorie, katika mbio zote hizo za mawakili na makarani, hakuwahi hata kumwita kwa jina. Sauti ya mwisho aliyo nayo ni ya siku ile, Santigie akiwa katikati ya askari wawili: “Kaka, usitufuate. Nitawaeleza, watanielewa.”

— Kesho msishuhudie chochote, akasema. Askari akijibu “yupo”, nasimama. Namwambia hakimu amuulize mwenyewe.

— Watakutoa nje, Sorie.

— Wanitoe. Mradi aanze kuongea. Hata nikiwa mlangoni, nitamsikia.