Bunduki ya Jemadari

Kule Queensbury, Uingereza, nje ya duka la viungo na mboga la Pradip, kuna benchi ambalo kaunsili iliwawekea watu wanaosubiri basi, na tangu liwekwe halijakaliwa na abiria hata mmoja. Wenyewe wanajulikana. Pradip, mzaliwa wa Shangani, Unguja, huitwa Jaji, maana hakuna jambo asilolitolea hukumu. Hamad ndiye mleta kahawa, dele lake la shaba kalizungushia taulo lisipoe. Yeye huitwa Redio, na sababu huhitaji kuambiwa. Wa tatu ni Abdulwakil, karani wa ofisi moja ya Harrow, waliyempachika jina la Jemadari tangu alipoanza kukusanya bunduki. Usishtuke. Ni bunduki ndogo za kale, nakala za silaha za jeshi, ndefu kama kiganja, na kila moja inafyatuka kweli. Jumamosi moja ya mwaka 1998 Jemadari alikuja na moja ndani ya leso, na uso wa mtu aliyeshtakiwa.

— Kesho wanakuja kumposa binti yangu Zahra, alisema. Mke wangu Mwanamwema hataki wakwe waingie lounge wakute kabati zima la silaha. Tumegombana tangu jana. Mwisho kaniambia: haya, nenda kijiweni kwako. Wakisema toi, vitu vya kuchezea tu, zibaki zote. Wakisema bunduki, kesho zisinikute humu ndani.

— Toi, alisema Hamad papo hapo, leso haijafunguliwa.

Shauri lingekwishia hapo, Jemadari akarudi nyumbani na ushindi wake. Lakini binadamu hana shukurani. Neno lile lilimchoma.

— Toi vipi? Hii thri-o-thri, ile ya jeshi la Kiingereza, bwana! Antique! Tazama boliti. Tazama kifyatulio. Kaitengeneza fundi wa Kiingereza kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Kaniuzia mjane wa mjukuu wake, Bi Margaret, kwenye ukumbi wa kanisa pale Harrow.

— Basi bunduki, alisema Pradip.

— Toi! Toi, Jaji, Jemadari alijirudi haraka. Mimi nasema tu.

Pradip alivaa miwani, akaishika kwa vidole viwili kama aliyeshika mende.

— Hii ilikuwa sampuli. Mzungu anakwenda nayo kwa machifu, kama marehemu baba yangu alivyokuwa akipeleka vipande vya kanga Pemba. Chifu anachagua, anaambiwa ya kwako itakuja na meli.

— Uongo mtupu, alisema Hamad akimimina. Hizi ndizo walizogawania Afrika. Mnadhani walikata kwa mkasi? Wazungu wamekaa mezani, ramani imetandikwa, kila mmoja na askari wake wa bati na bunduki ya kiganja. Anayeangushiwa askari anatoa nchi. Tumeliwa mezani, jamaani, hata chai haijaletwa.

— Na Zanzibar? aliuliza Pradip.

— Zanzibar ilianguka chini ya meza, paka akaondoka nayo. Ndiyo maana mpaka leo hatujui ya nani.

Walicheka, Jemadari akacheka nao, ingawa jicho lilikuwa kwenye leso yake.

— Mimi naogopa kitu kimoja, Hamad aliendelea. Hizi bado changa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kila wiki wazipaka mafuta, wazifuta kwa hariri. Iko siku utaamka uzikute zimefika urefu wa mlango.

— Kweli kabisa, alisema Pradip. Samaki mkunje angali mbichi. Ukunje mtutu mapema.

— Na wakwe? Niambieni la wakwe!

— Wazee walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, alijibu Pradip. Hawakusema siku ya kwanza mwoneshe bunduki.

— Toi, alisema Jemadari.

— Toi, sawa, Pradip alikubali. Haiui hata nzi. Mwambie Mwanamwema ni pambo tu, kama maua ya plastiki.

Maua ya plastiki! Hapo Jemadari alishindwa kujizuia. Ofisini alikuwa mtu wa kutumwa, nyumbani mtu wa kukemewa. Mbele ya kabati lile tu ndipo alipojiona mtu. Akatoa mfukoni kirisasi kama punje ya mchele, hakina kichwa, baruti tupu, akakitia ndani.

— Nioneshe huyo nzi.

— Nzi hakuna, Uingereza hii, alisema Pradip, anacheka mpaka miwani inamteremka. Piga bilingani. Lile bovu, juu ya kreti.

Jemadari akavuta boliti, akafumba jicho moja, akafyatua.

Mlio ulikuwa mdogo, ila mkavu na mkali. Bilingani halikutikisika.

Hamad alikuwa chini ya benchi. Pradip alikuwa kifudifudi baina ya makreti, miwani haijulikani iko wapi. Dele limepinduka, kahawa yote inatiririka barabarani. Na Abdulwakil mwenyewe, aliyeijaza kwa mkono wake, alijikuta uso uko chini na mikono yote miwili kisogoni, kama walivyoamrishwa kulala Januari ile ya sitini na nne, siku za Mapinduzi kule Zanzibar, naye kijana wa skuli. Hakukumbuka kulala. Mwili ulilala wenyewe.

Mbele yao alisimama Restuta, nesi kutoka Bukoba aliyehamia mtaa ule juzi juzi, amekuja kununua ndizi.

— Shikamooni, wazee. Kuna nini?

— Marahaba, ilijibu sauti ya Hamad chini ya benchi. Hamna kitu, mwanangu. Toi tu.

Restuta aliitazama ile bunduki ya kiganja, akawatazama wale watu wazima watatu.

— Sasa kama ni toi, mbona mmelala?

Hamad alitoka chini ya benchi, akaliinua dele lake tupu. Pradip alianza kuokota mabilingani, hakuinua uso. Abdulwakil alimtazama Jaji, akingoja neno moja tu, toi, lile walilokuwa wakimpa bure asubuhi yote. Halikuja. Aibu ilimshika, na chini ya aibu uchungu, kwa kuwa alizipenda zile bunduki na hajapata hata siku moja kujiuliza kwa nini. Akaikunja ndani ya leso, akajipangusa magoti.

— Binti, wajua hapa polisi wanapokelea wapi vitu vya kusalimishwa?

— Vitu gani, baba?

— Bunduki, alisema Abdulwakil.