Diski Kwenye Mizani ya Nyama

Benchi la nje ya chumba cha gemu lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekaa upande wa tofali hatakiwi kuchekacheka. Mwenye chumba, waliyembandika jina la Raundi kwa sababu siku nzima husema "raundi moja tu, halafu umpishe mwenzako", alikuwa amekaa hapohapo penye tofali, na siku hiyo hakuwa na la kumchekesha. Saa kumi angekuja mtu kuichukua mashine yake kuukuu, pamoja na gemu ya mpira iliyomlisha miaka tisa, amwachie mashine mpya. Tangu chumba cha ng'ambo ya barabara kiingize mashine mpya, vijana walikuwa wanampita kama hawamjui. Huyo mtu alikuwa ametanguliza diski ya gemu mpya ya mpira itakayokuja na mashine, na juu ya kasha lake yalikuwapo maandishi manene: giga hamsini. Raundi aliogopa kubadilisha, na aliogopa kutobadilisha. Akawaomba ushauri wenzake wa benchi. Kosa lenyewe ndilo hilo.

— Badilisha! — alisema Kinyozi, aliyemwacha mteja kitini na povu la sabuni mashavuni. — Hiyo ya zamani ina giga ngapi? Nne! Ndiyo maana watazamaji wote uwanjani wana sura moja. Utadhani mama mmoja kazaa uwanja mzima.

— Na kwenye hiyo mpya?

— Kila mtu na sura yake. Na jasho lake.

— Sanduku kubwa halimpi mtu nguo, — alisema Nusu Kilo, muuza nyama wa mlango wa pili, mwembamba kuliko kisu chake. — Unaweza kuwa na giga mia, ndani umejaza upepo.

Hakimu akakohoa. Alikuwa karani mstaafu wa mahakama, na hajawahi kuhukumu chochote maishani ila benchi hili.

— Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa niambieni, diski ikiingia ndani ya mashine inafanya nini?

— Inazunguka.

— Basi! Inajitembeza. Nimefunga mjadala.

— Mzee, hata ya zamani inazunguka!

— Nayo mbaya.

Kinyozi akajimiminia kahawa kutoka kwenye birika, akasogea mbele.

— Nyie hamjui mambo. Kwenye giga hamsini, mechi ikiisha mtazamaji anarudi kwake. Unamwona kabisa anasubiri basi. Timu yake ikifungwa anakataa kula, mkewe anamuuliza kulikoni, watoto wananyamaza.

— Umeiona wapi?

— Kuna mambo hayahitaji kuonwa. Unadhani giga zote hizo wamejaza nini, pamba?

— Mimi dukani kwangu mzigo hausemwi, unapimwa, — alisema Nusu Kilo. Akaenda, akarudi na mizani yake ya sahani mbili, akaiweka kwenye benchi. Diski ya zamani sahani hii, mpya sahani ile. Wote wakainama. Hata yule mteja alitoka na povu lake, akainama. Sahani zikayumba kidogo, zikatulia sawasawa.

— Umeona? — Nusu Kilo alimgeukia Raundi. — Umepunjwa giga arobaini na sita!

— Kitu cha kisasa ni chepesi! — Kinyozi alipandisha sauti. — Redio ya babu yako ilikuwa nzito kama jiwe, ilikuwa na nini ndani?

— Haba na haba hujaza kibaba, — alisema Hakimu.

— Una maana gani, mzee?

— Maana inakuja.

Raundi hakuwasikiliza tena. Alichukua diski yake ya zamani, ile anayoisugua kwa dawa ya meno kila inapogoma, akaifuta mafuta ya nyama kwa upindo wa shati, akairudisha ndani ya mashine. Hiyo nyingine aliiacha palepale sahanini.

Aliporudi, alimkuta muuguzi wa zahanati amesimama mbele ya benchi na sare yake ya kazi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, — Hakimu akaitikia kwa niaba ya wote.

— Kaka Raundi, kuna nafasi ndani?

— Ipo, dada. Uifaidi hii mashine, maana leo ndiyo siku yake ya mwisho. Kesho tunawasha ya giga hamsini.

Muuguzi akageuka kutazama ng'ambo ya barabara. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa amesimama kule na miwani ya kazi shingoni, anachunguza viatu vyake. Raundi aliwajua hawa. Wakigombana huja hapa, kila mmoja hushika pedi yake ya kuchezea, na anayefungwa anaomba radhi, awe na kosa asiwe nalo. Ndivyo walivyokubaliana tangu uchumba.

— Tangu Jumatatu hatusemezani, — alisema muuguzi kwa sauti ya chini. — Hiyo mpya inachezwa na watu wangapi?

Kinyozi alimtazama Nusu Kilo. Nusu Kilo aliitazama mizani. Raundi akavaa miwani, akaligeuza kasha kwa mara ya kwanza tangu lifike, akasoma nyuma.

— Mmoja, — alisema.

— Mmoja mmoja kwa zamu? — Kinyozi akajaribu.

— Mmoja. Na mashine inakuja na pedi moja.

Aliona aibu. Miaka tisa anawaambia watu wampishe mwenzao, na leo alikuwa karibu kuleta mashine isiyo na nafasi ya mwenzao.

— Ingieni, — alimwambia muuguzi. — Mwite shemeji.

Yule mwenye mashine mpya alifika saa kumi kamili, boksi mapajani juu ya pikipiki.

— Kaa kwanza, ndugu. Ndani kuna mechi.

Wakakaa. Ikasikika milio ya pedi tu, kisha sauti ya mwanamke: "Goli!" Filimbi ya mwisho ikalia, Nusu Kilo akaacha kumeza kahawa.

— Haya, nisamehe.

— Sema vizuri.

— Nisamehe, mke wangu.

Mteja mwenye povu akapiga makofi peke yake. Raundi akaichukua ile diski sahanini, akamrudishia mwenyewe.

— Ukipata inayochezwa na wawili, niletee. Hata ikiwa ya giga moja.

Yule mtu akaipokea, akaigeuza, akainusa.

— Mbona inanuka nyama?

Benchi zima likatazama barabarani.