Gitaa la Nyuzi

Jioni hiyo benchi la kijiweni lilikuwa na mgeni waliyemzoea: gitaa kuukuu, limelazwa pale alipozoea kukaa Nyuzi, mwenzao waliyemzika miezi mitatu nyuma. Binti yake alilileta asubuhi, akaomba walitambue. Anataka kulipeleka kwa fundi wa magitaa, na fundi amesema kwanza ajulishwe ni gitaa la aina gani, ili ang'oe kila kisicho cha asili. Randa, seremala, aliposikia hivyo alimeza kahawa kabla haijapoa, ikamuunguza. Karatasi ya kiwanda iliyokuwa ndani ya tundu aliichana yeye, alipolitengeneza mwaka ule lilipopasuka tumbo. Siri hiyo ilikuwa yake na marehemu.

— Tuanze na rangi, alisema Redio, kinyozi. Wekundu huu haupakwi siku hizi. Hii kazi ya watawa. Walikuwa wanaipika kwa asali.

Rangi yenyewe ilikuwa masalio ya kupaka kabati la bibi harusi mmoja. Randa hakuona vizuri kuitupa.

— Watawa wa wapi, bwana, akadakia Chaja, fundi simu. Ona skrubu hizi nne. Gitaa gani linafungwa kwa skrubu? Hili limetoka melini. Baharia anakaza kila kitu, kisitupwe na mawimbi.

— We baharia umemwona wapi?

— Sijamwona. Natumia kichwa.

Skrubu zilikuwa za bawaba za mlango.

Mama Kahawa aliweka birika chini, akachukua simu ya Chaja, akamulika ndani ya tundu.

— Humu kuna ubao una maandishi. Saba mara nane, hamsini na sita.

Redio akavua kofia.

— Hivyo ni vipimo vya siri. Jamani, hili lilitengenezewa mfalme.

Ubao wa dawati la shule, Randa alijisemea. Hata hesabu hakuzipiga randa zikaisha.

— Randa, mtu wa mbao ni wewe, alisema Chaja. Mbona leo kama umemwagiwa maji?

— Nawasikiliza.

Alikuwa anaikumbuka siku Nyuzi alipokuja kulichukua. Alipiga uzi mmoja, gitaa likalia kama sufuria. Nyuzi akacheka, akasema, limepona hili, akakaa hapohapo akalipiga mpaka birika likakauka. Miaka ishirini na tisa kila jioni waliisikia sauti ile mbaya, na wapita njia walipunguza mwendo. Sasa Randa angetoa chochote aisikie tena.

Binti akatokea, bado na sare ya kazini.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Mmelijua?

Redio akaanza na watawa, akapita melini, alikuwa anakaribia ikulu ya mfalme, Randa alipomkata.

— Ni mimi, mwanangu. Rangi, skrubu, ubao, vyote vyangu. Jina la kiwanda nililichana nikitafuta ufa. Nililiharibu gitaa la baba yako, na hakuwahi kunilaumu. Mwambie fundi ang'oe tu.

Chaja aliangalia viatu vyake. Binti hakukasirika. Aliketi ukingoni mwa benchi, akapitisha kidole juu ya zile skrubu.

— Lakini baba alikuwa na gitaa lingine, alisema. Jipya, nilimnunulia kwa mshahara wangu wa kwanza. Linalia vizuri sana. Nyumbani alikuwa anapiga lile.

— Lingine? Redio akauliza. Hapa hatujawahi kuliona.

— Ndicho ninachotaka kuwauliza. Jioni akijiandaa kuja huku, analiacha lile ukutani, anabeba hili. Kila siku. Kwa nini, baba mdogo?

Mama Kahawa alishika birika, asimimine. Wote walimgeukia Randa. Alitaka kumjibu mtoto wa watu, lakini machozi yalimtangulia.