Kalisti Ngassa, Fundi Aliyetafuta Gari la Kumi na Moja

Wapendwa waombolezaji, tumsifu Yesu Kristo. Ndugu yetu Kalisti Bujiku Ngassa, ambaye wengi mlimwita Baba Loveness, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 huko Segese, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Bujiku Ngassa na Mama Serafina. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Segese kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, kisha akajifunza ufundi wa magari mjini Shinyanga, akahitimu mwaka 1990.

Alifanya kazi katika gereji mbalimbali za Geita, na tarehe 8 Julai 2000 alifunga ndoa takatifu na Paskalina, wakajaliwa watoto watatu, Loveness, Davis na Juliana. Mwaka 2012 aliajiriwa katika karakana moja ya Kahama inayohudumia magari ya kulala, yale yenye kitanda na jiko la gesi ndani, ambayo hutumiwa na watafiti wa madini na watalii.

Mwaka 2021 wateja walilalamika kwamba vumbi jekundu linaingia ndani, Kalisti akatafuta linakopita, akakuta matundu mawili sakafuni chini ya jiko, akayaziba kwa silikoni katika magari kumi na moja, na wateja wakamshukuru. Tarehe 6 Machi 2023 ilifika barua ya kiwandani ikiagiza magari hayo yarudishwe, kwa kuwa mpira wa gesi hupasuka kwenye maungio, na ilieleza kwamba gesi ni nzito, hushuka chini, na matundu yale ndiyo njia yake ya kutokea. Siku hiyo hakula. Alimwambia mkewe kwamba kiwanda kilikosea mpira, lakini aliyeziba njia ni yeye.

Alipiga simu, alisafiri, aliwabembeleza wenye magari, na kumi yakarudi, akayatengeneza yote kwa mikono yake. La kumi na moja lilikuwa limeuzwa mara tatu. Alilifuata Maganzo, ambako wachimbaji wa almasi walimwita Nabii wa Gesi na kumuuliza kama mbinguni nako wanapikia mtungi, akacheka nao, akaendelea kuuliza. Januari mwaka huu alifika Mwakitolyo, akaambiwa kwamba gari lilinunuliwa na mama lishe mmoja, anapika na kulala humo na wanawe wawili, lakini wiki mbili kabla walikuwa wamehama kufuata rashi, yaani mahali dhahabu ilipoibuka upya, na hakuna aliyejua ni upande gani.

Tarehe 17 Machi alipata kiharusi, akalazwa Mwanza, akapoteza kauli. Paskalina alimshikia karatasi, naye kwa mkono wa kushoto akaandika kila siku rangi ya gari lile, jeupe, mstari wa bluu, mpaka alipofariki tarehe 9 Mei 2025, saa kumi alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wanajumuiya, na mafundi wenzake waliomlilia kama ndugu.

Na tunawasihi, kwa jina la Mungu, mwenye kulijua gari hilo asingoje tumalize kuzika, amtafute mama huyo sasa hivi, amwambie asiwashe jiko, afungue milango, atoboe silikoni iliyo sakafuni. Watoto wanalala humo.

Kalisti, ndugu yetu, pumzika katika amani ya Bwana, kazi ya kutafuta umetuachia sisi.