Bustani kwenye Paking ya Githinji

Kwetu Jericho, mtaa wa Nairobi, benchi letu liko kando ya jiko la Aweys, muuza kahawa chungu. Mbele yake kuna paking moja ya saruji ambayo kwa karatasi ni ya kanju, yaani baraza la jiji, na kwa mazoea ni ya Githinji. Miaka tisa pikapu yake imelala hapo, ubavu wake ukiuziba mlango wa Mama Ndunge. Mwezi wa tatu mama huyo alianguka akavunjika mguu, na tangu siku hiyo hawezi zaidi ya hatua sita kwa mkongojo. Hatua sita zinamfikisha paking tu, na jua la asubuhi linaanguka hapo hapo. Kwingine ni mtaro na kamba za nguo. Basi Jumatano, pikapu ilipovutwa kwenda gereji Industrial Area, binti yake Ndunge hakungoja. Alitandaza nyasi alizong'oa kando ya reli, akapanga mikebe ya Kimbo yenye maua, akatoa kiti cha sofa, akamkalisha mama yake juani. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, maana mimi hukaa pale kila siku na wazo hilo halikuwahi kunijia. Leo ni Jumamosi, na fundi amesema pikapu inarudi leo.

— Niaje, wazee, — alianza Ngui. Tunamwita Gazeti kwa sababu husoma kila karatasi inayofungiwa mandazi. — Mmehesabu hizo mikebe? Ziko nane. Mbona nane?

— Si ni vile walimaliza mafuta ya mikebe nane, — alijibu Mwanzia. Huyu ni Wakili. Ni tarishi katika ofisi ya mawakili mjini, na sheria ameipata kwa kubeba mafaili.

— Wacha hiyo, buda. Hizo ni bikoni za mpaka! Ploti zote Nairobi hii zinanyakuliwa hivyo. Leo mikebe, kesho mabati, kesho kutwa ghorofa tano, na sisi tunakunywa kahawa kwa ngazi.

— Ndunge anyakue? Huyu Ndunge wa kushona yunifomu?

— Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ndunge alikuwa akimwagilia maua, na masikio yake hayakuwa mbali.

— Ngui, kama ningekuwa wa kunyakua, ningenyakua hapa karibu na wewe? Si ningeenda Karen kwa matajiri!

Tulicheka, lakini Mzee Ochola hakucheka. Alifanya kazi reli miaka thelathini, na jina lake hapa ni Dizeli.

— Nyinyi mnaangalia juu, — alisema. — Angalieni chini. Pikapu ya Githinji imevuja oili hapo miaka tisa. Hiyo oili yote imeenda wapi?

— Imekauka, mzee.

— Haijakauka! Imejikusanya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyo msichana tangu Jumatano ameinama. Uarabuni mambo yalianza na tone moja tu. Muulize Aweys.

— Mimi nilizaliwa Isiolo, hapa hapa Kenya, — alisema Aweys, akimimina.

— Hata kama kuna kisima, — Wakili aliingilia, — sheria iko wazi. Ukikalia mahali miaka kumi na mbili bila kufukuzwa, ni pako.

— Mathee amekaa siku nne.

— Basi si ameanza? Haba na haba hujaza kibaba.

— Na Githinji akikataa?

— Akikataa, — Mzee Ochola aliinua kidole, — asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

Macho yote yalienda kwenye mguu wa Mama Ndunge, halafu haraka yakarudi vikombeni. Yule mama akapasuka kicheko mpaka mkongojo ukaanguka.

— La mkuu nililisikia, Ochola. Ni maji ya sabuni ya jirani ndiyo sikuyaona!

Hapo Wakili akaona afanye jambo. Alichana katoni, akachukua makaa kwa Aweys, akaandika kwa herufi kubwa: PLOTI HII HAIUZWI. Siku hizi kila mwenye kauwanja kake anaandika hivyo, kujikinga na matapeli. Akaiegemeza kwenye mkebe wa mbele, akarudi kukaa akiwa amejaa fahari.

Kahawa haijapoa, bwana mmoja mwenye tai akasimama.

— Mnauza ngapi?

— Kwani hujasoma? Haiuzwi.

— Nimesoma. Mahali hakuna wa kuuza hawaandiki haiuzwi. Ni futi ngapi kwa ngapi?

Nyuma yake wakasimama wengine wawili, mmoja ameshaanza kupima kwa hatua, akikanyaga nyasi. Ndunge alikuja mbio, akairarua ile katoni vipande vipande na kuwafukuza wote watatu.

— Haki nyinyi mnacheza, — alituambia. — Mimi sitaki ploti, sitaki oili. Nataka mwaitu, mama yangu, aote jua. Gari ikirudi, atarudi ndani kuangalia ukuta.

Tulijisikia vibaya, nami zaidi ya wote.

— Usijali, — alisema Wakili. — Githinji akifika, mimi nitampa sheria.

— Mimi nitalala mbele ya tairi, — alisema Gazeti.

— Mimi nitaongea naye kama mzee kwa mzee, — alisema Ochola.

Saa tano pikapu ikaingia, injini inanguruma kwa afya. Githinji ni mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Alisimamisha gari mbele ya nyasi, akazitazama, akatazama maua. Wakili akawa anatafuta kitu viatuni. Gazeti alijifunika uso na karatasi ya mandazi. Ochola akakumbuka kukohoa.

Githinji alinyoosha mkono kwenye honi, kisha akausimamisha hewani. Mama Ndunge alikuwa amelala. Leso ilikuwa imemteleza begani, mdomo wazi kidogo, jua limemjaa usoni, na mguu wake mbovu ameunyoosha mbele bila wasiwasi wowote. Githinji akatoa kichwa dirishani, akatuuliza kwa mnong'ono ambao hatukujua kama anao:

— Sasa, nani ataenda kumwamsha?

Wakili alimsukuma Ochola kwa kiwiko, naye Ochola akamsukuma Gazeti.

Githinji akazima injini. Akashuka, akaweka bega kwenye boneti na kutuita kwa kichwa. Tukaenda sote, hata Aweys, tukaisukuma kinyumenyume kwa mikono ile pikapu iliyotoka gereji ikiwaka vizuri, polepole, hadi nyuma ya kanisa lililo mwisho wa mtaa.