Tisini ya Ghislain Bodart

"Sema nonante, mara moja tu, keki ikatwe."

"Ghislain, nitasema ishirini nne na kumi, kama binadamu wengine."

"Binadamu gani hao wanaopiga hesabu ya kuzidisha kabla ya kuzima mishumaa?"

"Ndio hao waliowafundisha nyinyi kusoma, Mbelgiji wa chipsi wewe."

"Haya, basi usiguse sahani yangu ya chipsi."

Baba Paroko, ndugu, majirani na wageni wetu wote, hayo yalisemwa mezani kwetu hapa Ben-Ahin tarehe 9 Novemba mwaka jana, siku babu yetu mpendwa, marehemu Ghislain Bodart, alipotimiza miaka tisini, na aliyekuwa akibishana naye ni rafiki yake wa zaidi ya miaka hamsini, Mzee Anselme Courtade wa Toulouse, ambaye tunaye hapa benchi la pili. Nimeanza na maneno hayo kwa sababu babu aliniagiza hivyo, alisema historia za marehemu huanza na kitanda cha kuzaliwa, na kitandani watu wote wanafanana.

Kwa ajili ya wageni waliotoka Bremen, naomba nieleze jambo moja, maana bila hilo maisha ya babu hayaeleweki. Wafaransa hawana neno moja la tisini, wao husema ishirini nne na kumi, yaani ishirini mara nne, kisha ongeza kumi, na sisi Wabelgiji tunaozungumza lugha hiyohiyo tunasema nonante, neno moja, fupi, linalotosha kabisa. Mzee Anselme hajawahi kulikubali, na kila mara alimuuliza babu, "Na themanini je? Mbona themanini mnasema ishirini nne kama sisi?" na babu kila mara alimjibu, "Themanini tuliwaachia, ili msijisikie vibaya."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1933 hapahapa Ben-Ahin, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Firmin Bodart, fundi wa machimbo ya mawe, na Mama Léonie Hubin. Alianza shule ya msingi ya kijiji mwaka 1939, masomo yakakatizwa na vita, akayamaliza mwaka 1946, akaendelea na sekondari mjini Huy, na mwalimu wake mmoja aliwaambia wazazi kwamba mtoto huyu hana akili nyingi za hesabu lakini hawezi kunong'ona, hivyo atafutiwe kazi inayofanana na koo lake. Wakampeleka chuo cha mafundi wa redio Liège, akahitimu mwezi Juni 1954, na tarehe 1 Septemba 1955 akaajiriwa stesheni ya Namur kutangaza treni.

Tarehe 30 Aprili 1960 alifunga ndoa na bibi yetu, marehemu Godelieve Vercruysse, Mfleminge wa Kortrijk, yaani Mbelgiji wa upande unaozungumza Kiholanzi, kwa hiyo nyumbani kwake kulikuwa na mataifa mawili rafiki kabla hata hajajua kwamba dunia nayo inaweza kuendeshwa hivyo. Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza akapewa jina la upande wa babu, Baudry, wa pili akapewa la upande wa bibi, Annelies, ambaye ni mama yangu, na inasemekana hawakuzaa wa tatu kwa sababu mazungumzo juu ya jina lake yalivunjika. Bibi alitangulia mbele ya haki tarehe 6 Machi 2011.

Sasa nafika kwenye kazi iliyompa babu jina. Mwaka 1969 nchi tano rafiki zilikuwa zinaunda roketi moja ya pamoja, ili zisiendelee kuwatazama Wamarekani na Warusi wakipishana angani kama magari. Waingereza walileta kipande cha chini, Wafaransa cha katikati, Wajerumani cha juu, Waitalia wakaleta kofia yake, nasi Wabelgiji tukaleta ukumbi wa mikutano. Jina la roketi liliwachukua mwaka mzima, kwa kuwa kila nchi ilipendekeza mfalme wake, na kila mfalme alikuwa amewahi kumchapa mfalme wa mwenzake, mwishowe wakakubaliana iitwe kwa herufi moja tu, J, na hata hapo Wafaransa wakaitamka ji, Wajerumani wakaitamka yot. Waingereza walijitoa katikati ya kazi, wakaacha kipande chao, ila waliendelea kuja wakati wa chakula.

Likabaki swali la nani ahesabu kurudi nyuma siku ya kurusha. Wajerumani hawakutaka sauti ya Mfaransa, Wafaransa hawakutaka sauti ya Mjerumani, na Mwitalia alipojaribiwa alifika sifuri kabla mafundi hawajakaa. Siku moja wajumbe wa kamati walikuwa stesheni ya Namur wakigombana jukwaani juu ya jambo hilohilo, treni yao ikaja, ikaondoka, wao bado wanagombana, ndipo ikasikika sauti ya babu kutoka juu ikisema, "Mabwana wenye mikoba, rudini nyuma ya mstari." Wote walirudi nyuma kwa hatua moja, Mfaransa na Mjerumani pamoja. Mzee Wendelin Hartkopf, ambaye alikuwepo na ambaye tunaye hapa, benchi la pili ng'ambo ya njia, anasema hakuwahi kuona nchi hizo mbili zikitii kitu kimoja kwa wakati mmoja, na hapohapo akasema, "Huyo! Tumchukue huyo!"

Babu akapelekwa kwenye kituo cha kurushia, Guyana ya Wafaransa, akakaa huko miaka mitatu. Katika jaribio la kwanza alihesabu vizuri kutoka kumi hadi sifuri, halafu kwa mazoea akaongeza, "Tunawatakia safari njema, msisahau mizigo yenu." Hilo walimsamehe. Ambalo hawakumsamehe ni kwamba katika jaribio la pili, alipoanza kutoka mia, alisema nonante-tisa, nonante-nane, nonante-saba, na Mzee Anselme, msimamizi wa kipande cha katikati, akavua vidude vya masikioni akasimama.

"Zima hiyo! Hii ni ardhi ya Ufaransa, roketi haitaruka kwa lugha ya wauza chipsi!"

"Bwana Courtade," babu akamjibu, na kipaza sauti kilikuwa bado wazi, kwa hiyo kambi nzima ilisikia, "yako ni ndefu mno, nikimaliza kuitamka namba inayofuata imeshapita."

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza babu angepungukiwa nini kama angesema tu kama wao. Alifikiri kidogo, akaniambia, "Mwanangu, nchi yenyewe ndogo, nikitoa na tisini, kunabaki nini?"

Mabalozi waliitwa, kamati ikakaa siku tatu, na mwisho Mzee Anselme mwenyewe akaleta suluhu iliyopigiwa makofi na pande zote, kwamba hesabu ianzie sitini, ambapo Mfaransa na Mbelgiji wanasema sawa, na hizo namba za juu zipite kimya. Hakuna aliyemuuliza Mjerumani. Mzee Wendelin alikuwa msimamizi wa bomba la hewa baridi lililopoza kipande cha juu, na kanuni zake zilisema bomba lichomolewe kwa kusikia tisini. Alikuwa tayari kusikia tisini ya aina yoyote, ya Kibelgiji au ya Kifaransa, ndefu au fupi, maadamu ni tisini.

Tarehe 17 Juni 1972 asubuhi, kwenye kibanda chake kilichokuwa juu ya mnara, Mzee Wendelin alishika mpini wa bomba, akaufunga kwa kamba ya kuvutia, akashuka na kamba yake hadi kwenye handaki, akangoja. Akasikia sitini. Akadhani ameelewa vibaya, maana Kifaransa chake kilikuwa cha kuombea mkate, akaendelea kuisubiri tisini. Akasikia hamsini, akasikia arobaini, akamwambia msaidizi wake, "Usijali, hawa watu huhesabu kwa namna yao." Roketi J ikawashwa, ikapanda, bomba likapanda nayo, kibanda kikafuata bomba, na jaketi la Mzee Wendelin lililotundikwa kibandani, likiwa na funguo za nyumba yake ya Bremen mfukoni, likapaa juu kuliko jaketi lolote la Kijerumani kabla ya hapo. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu, na baada ya muda mfupi vyote vikalala baharini.

Kesho yake magazeti ya Ufaransa yaliandika kwamba kipande cha katikati kilifanya kazi bila dosari hadi kwenye maji, ya Ujerumani yakaandika kwamba kipande cha juu hakikulaumiwa na mtu yeyote aliyehojiwa, Waitalia wakasifu kofia kwa kuwa ndiyo iliyoelea, na Waingereza wakasema wao walishajitoa. Mpango ukafungwa mwaka uliofuata, kila nchi ikarudi kwao na ushindi wake, babu akarudi stesheni ya Namur, akatangaza treni hadi alipostaafu tarehe 30 Novemba 1993.

Lakini urafiki ulibaki. Kila mwaka tarehe 17 Juni Mzee Anselme alikuja kutoka Toulouse na Mzee Wendelin kutoka Bremen, wakakaa jikoni kwetu, wakala madonge ya nyama na chipsi na keki ya wali wa maziwa, wakagombana.

"Ungeniacha niseme nonante, Wendelin angevuta kamba," babu alianza.

"Ungesema kistaarabu, angevuta vilevile," Mzee Anselme alijibu.

"Mimi ningevuta hata mngepiga kengele," Mzee Wendelin alisema. "Nataka jaketi langu."

Wengi wetu tulicheka tu, na mimi nilicheka nao, mpaka nilipokuwa mkubwa kidogo ndipo nikaona kwamba babu hakuwa akitania. Alitaka kwa moyo wote Mzee Anselme aseme neno lile mara moja kabla mmoja wao hajafa, kwa sababu kulisema kungekuwa sawa na kukiri kwamba neno hilo lilikuwa na haki ya kuwepo siku ile, na roketi ile, ambayo babu aliipenda kama mtoto wake wa tatu asiyepewa jina, ilianguka kwa kukosa neno moja. Mzee Wendelin alimwambia asahau. "Ghislain, Mfaransa huyu atauhamishia mnara wao wa chuma kwetu Bremen, tena mgongoni, kabla hajasema neno la Kibelgiji."

Afya ya marehemu ilianza kuyumba mwezi Desemba mwaka jana, moyo ukachoka na miguu ikavimba, akalazwa hospitalini Huy tarehe 4 Januari, akarudishwa nyumbani tarehe 20 kwa ombi lake mwenyewe, kitanda chake tukakiweka sebuleni karibu na dirisha la reli. Mimi niliacha shule ya kutwa mwaka juzi nikaingia kazi ya duka la mikate, kazi yangu huisha saa tano asubuhi, hivyo mchana nilikuwa mimi nakaa naye, ndiyo maana nimepewa kusoma historia hii, na mnisamehe pale nilipokosea. Treni ilipopita alitaja inakokwenda. Tarehe 31 Januari Mzee Anselme, mwenye miaka themanini na minane, aliyesafiri usiku kucha peke yake kwa treni kutoka Toulouse, alikaa karibu na kitanda mchana kutwa, hawakugombana hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Babu alifariki dunia tarehe 2 Februari, saa nne asubuhi, akiwa usingizini. Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne na kitukuu mmoja.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa Muuguzi Rosalba aliyekubali kutangaziwa kila alipoingia chumbani, jirani yetu Mama Pirotte kwa supu ya kila siku, wenzake wa stesheni ya Namur waliokuja na kofia zao za kazi, Baba Paroko, na ninyi nyote mliosafiri kutoka karibu na mbali. Babu, umetangaza vya kutosha, sasa nyamaza upumzike, mstari tutausimamia sisi.

Limebaki jambo moja. Mzee Anselme, jana jioni uliniomba nisilisome, nami nakuheshimu kama babu yangu, lakini aliyelala hapa ni babu yangu zaidi, na usiku ule ulipoondoka alinishika mkono, macho yanang'aa kama ya mtoto, akaniambia, "Iandike, mwanangu, na uisome Wendelin akiwa ameketi, asije akaanguka." Mzee Wendelin, naona umeketi. Ilikuwa jioni ile ya tarehe 31, teksi ilikuwa inangoja nje, babu amefumba macho tukidhani amelala, Mzee Anselme akavaa koti, akavaa kofia, akafika mlangoni, akashika kitasa, halafu akageuka akasema, "Nonante, Ghislain. Nonante, nonante, nonante. Haya, umesikia, na usimwambie Mjerumani."