Kitambaa Cheupe cha Fundi Nusu Inchi

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mafundi mliofunga vyumba vyenu vya kazi asubuhi hii, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya mjomba wangu, na niseme mapema kwamba karatasi niliyopewa na wazee jana ilikuwa na mstari usemao "aliugua kwa muda mfupi", mstari huo nimeufuta, kwa sababu miaka kumi na tano si muda mfupi hata kwa asiyejua hesabu.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kitindamimba wa mlinzi wa kiwanda hicho, na dada yake, yaani mama yangu, ndiye aliyembeba mgongoni. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, ambako kwa ushuhuda wa mama alikuwa akiwavua wenzake mashati wakati wa mapumziko ili awarudishie vifungo vilivyong'oka, na Januari 1983 akaingia kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja mkali aliyemchapa rula kila alipokata kitambaa bila kupima mara mbili.

Tarehe 2 Mei 1990 alifungua chumba chake mwenyewe mkabala na duka la vifaa vya umeme, cherehani moja ya kukanyaga, pasi ya mkaa, meza ya kukatia na kioo kilichopasuka pembeni, na hapo ndipo alipopata jina mnalomjua nalo, Fundi Nusu Inchi, kwa kuwa kila suruali aliiachia nusu inchi ya akiba ndani ya mshono, na mteja akilalamika alimjibu, "Bwana mkubwa, leo unanibishia, mwaka kesho kitambi chako kitanishukuru."

Jumamosi tarehe 9 Desemba 1995 alimwoa mkazamjomba tuliyenaye hapa mbele, aliyekuwa akimletea vitambaa na kumpunja kidogo kila mara ili apate sababu ya kurudi, wakajaliwa binti mwaka 1997, ambaye leo ni mwalimu, na kijana mwaka 2001, ambaye ni fundi umeme.

Februari 2009 alianza kusikia watu wakimsema kutoka ndani ya cherehani, akaacha kulala, akakata suti ya bwana harusi vipande vipande akitafuta walipojificha, akalazwa wiki tano na kuanza kuchomwa sindano kila mwezi. Hapa tuelewane, asitoke mtu akasema mpwa wa marehemu amekataza dawa: dawa ndiyo iliyomrudisha nyumbani, sauti zikanyamaza, akawajua wanawe. Ila ilikuja na side effects zake, mate yakamchuruzika, shingo ikakaza, vidole vikatetemeka hata kutia uzi tunduni ikawa kazi ya mkewe, na kila alipoeleza, daktari wa zamu aliandika maneno mawili kwenye faili, continue same, yaani endelea hivyo hivyo, kisha akaita anayefuata. Faili hilo nimelishika kwa mikono yangu, nimeyahesabu, continue same mara sabini na moja, miaka sita ya maisha ya mtu mzima. Siku moja mjomba aliuliza, "Daktari, mimi hata sare za shule nawapima watoto mmoja mmoja, wewe unanivisha bila futi?", chumba kizima kikacheka, na yaliyoandikwa siku hiyo mnayajua.

Basi akafanya alichokijua. Kila Jumamosi alichukua kipande cha kitambaa cheupe, akashona kwa mkono mstari mmoja wa shibiri, pembeni akaandika tarehe kwa penseli, ili mwenye macho aone mkono wake umefanyaje wiki hiyo, na kila mwezi alivipeleka kliniki vimekunjwa vizuri kama leso, na kila mwezi vilirudi bila kufunguliwa.

Machi 2015 alikuja daktari mmoja mwanamke, akavitandaza mezani vyote, akaifuata mishono kwa kidole, akasema, "Fundi, hapa ulikuwa umetoka kuchomwa, na hapa sindano ilikuwa inakwisha nguvu, ndiyo?" Mjomba alilia pale pale. Yule daktari alimweleza dawa zilizopo, ipi inakaza mwili, ipi inaleta usingizi, akamwuliza ni lipi anaweza kuishi nalo, wakachagua pamoja vidonge, akaonywa kwamba vitamletea njaa na unene na kwamba damu yake itapimwa sukari, naye akasema, "Kitambi nitakiachia nusu inchi, vidole siwezi kuviachia." Kwa miaka minane mishono ilinyooka, na wengi wenu mmevaa ushahidi wa jambo hilo hapa leo.

Desemba 2023 daktari huyo alihamishwa, vidonge vikakosekana kwenye stoo ya hospitali, na aliyempokea, bila kugeuza ukurasa hata mmoja wa nyuma, akamrudisha kwenye sindano ya zamani. Safari hii hayakuwa mate wala vidole, ilikuwa miguu, hakuweza kukaa, alishona mishono mitatu akainuka, akazunguka meza, akatoka hadi duka la umeme, akarudi, akakaa, akainuka, mpaka ndara zikaisha visigino, na mtaani wakasema kichaa kimempanda tena.

Na mimi nikasema hivyo hivyo. Nisikilizeni vizuri, maana sikupanda hapa kuwasema madaktari peke yao. Mjomba aliniambia, "Mpwa wangu, sauti nazijua, hizi si sauti, hii ni miguu," akanipa kipande cha Jumamosi iliyopita nikakionyeshe kliniki, kwa kuwa yeye hakuweza kuketi kwenye lile benchi. Alhamisi tarehe 6 Juni 2024 nilikwenda mimi, mwenye digrii, nimevaa shati alilonishonea kwa ajili ya usaili ambao sijaitwa hadi leo, nikamwambia daktari kwa Kiingereza kilichonyooka, he is relapsing, he is very agitated, yaani ugonjwa umemrudia, hatulii, daktari akafurahi kumpata mtu wa kuzungumza naye, akaongeza dozi bila kumwona mgonjwa. Kitambaa kilibaki mfukoni, niliona aibu kukitoa, niliona kitaniharibia Kiingereza changu.

Jumatatu tarehe 10 alichomwa. Jumamosi tarehe 15 alishikwa na homa kali, mwili ukakakamaa kama meza ya kukatia, tukamkimbiza idara ya dharura wakasema huyu ni wa akili mpelekeni kwao, kule wakasema huyu ana homa mrudisheni, siku tatu anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu kati ya majengo mawili yanayotazamana, hadi daktari kijana wa mafunzo alipotamka kwamba mwili umeikataa sindano, na saa nne asubuhi ya Jumanne tarehe 18 Juni 2024 mjomba akafariki, akiwa na miaka hamsini na sita.

Familia inamshukuru daktari aliyetandaza vitambaa, na yule kijana wa mafunzo aliyesema kweli kabla ya wakubwa wake, inawashukuru majirani mliokesha nasi, na mafundi wenzake mliomalizia nguo za wateja wake bila kubadili vipimo. Wengine hatuwashukuru, nao wanajijua, na nimejiweka kwenye orodha hiyo.

Kipande kile nilichokiacha mfukoni ninacho hapa, someni wenyewe: mishono mitatu iliyonyooka, nafasi, mishono mitatu iliyonyooka, nafasi, mkono mzima kabisa, miguu inamwinua. Jumatatu nakipeleka kliniki, kibandikwe kwenye faili lake, baada ya ile continue same ya mwisho.

Mjomba, sasa kaa, hakuna wa kukuinua, pumzika kwa amani.